Fuko Uchi na Majira ya Mvua

Katika nyanda kavu za Makueni na Kitui, wanyama wengi huishi kwa hesabu ya chakula: mvua ikinyesha kuna majani na mbegu, ikikatika kuna njaa. Fuko uchi ana hesabu yake. Viazi mwitu anavyovila vimo ardhini mwaka mzima. Kazi ni kuvifikia. Kiangazi kikishika, udongo huwa mgumu kama saruji, na mnyama wa gramu 35 hivi, tena anayechimba kwa meno, hauwezi.

Basi uchimbaji karibu wote hungoja masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ambayo Ukambani ndiyo ya kutegemewa zaidi. Karibu na Mtito Andei, mvua ikishalowesha ardhi, huchomoza vichuguu vidogo vyenye tundu katikati, na udongo ukirushwa nje. Chini kuna foleni. Wa mbele anaguguna. Midomo yake hufumba nyuma ya meno, kwa hiyo mchanga haumwingii kinywani. Wenzake wanausukuma kinyumenyume kwa miguu, na wa mwisho anaupiga teke hadi nje. Huyo ndiye aliye hatarini, maana nyoka huvutwa na harufu ya udongo mbichi.

Mafuko hawa karibu hawaoni, na wanachimba kwa kubahatisha. Mmoja peke yake angeweza kumaliza msimu bila kugonga kitu. Sabini au themanini wakitawanyika, mmoja atabahatika, na kiazi cha Pyrenacantha chaweza kufika kilo 50. Hula nyama ya ndani na kuacha ganda, nacho huendelea kukua.

Wanasayansi wengi wanaona hapo ndipo ulipotoka ujamaa wao. Mwaka 1981 Jenny Jarvis, aliyechukua mafuko wa utafiti wake Kenya, alieleza katika jarida la Science kwamba kundi zima lina malkia mmoja tu anayezaa. Wengi wa waliobaki ni vibarua. Mimi naona hoja ya mvua ina uzito, lakini haimalizi yote: fuko wa jamii ya Heliophobius, anayepatikana Kenya na Tanzania, naye hukumbwa na kiangazi kirefu, na bado huishi peke yake.

Ukitaka kuwaona kazini, nenda Mtito Andei asubuhi na mapema baada ya mvua za vuli kulowesha ardhi. Ukichelewa hadi Februari, utakuta ardhi tupu.