Spiriti ya Fundi Si Kinywaji

Mwezi huu tunazungumza juu ya methanoli, kimiminika cha viwandani ambacho huenda kimo nyumbani mwenu bila ninyi kujua. Hutumika kutengenezea gundi za mbao na kemikali nyingine nyingi. Imo katika baadhi ya thina za rangi na vanishi. Hutiwa pia katika spiriti ya kuchomea, makusudi ili watu wasiinywe. Haina rangi, na harufu yake ni kama ya pombe. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hatumsahau kijana mmoja aliyeletwa na mkewe Jumatatu asubuhi. Jumamosi jioni alikunywa na rafiki zake wawili. Jumapili aliamka na kichwa kizito, akala ugali, akaenda hata kumsaidia jirani kuezeka banda. Jioni akasema anaona ukungu. Mkewe akadhani ni uchovu wa pombe, akamwacha alale. Kulipokucha haoni kabisa, na anahema kama mtu aliyekimbia mbio.

Tulimwuliza yule mama, "Alikunywa na nani?" Akajibu, "Nesi, wenzake wako nyumbani, wao hawaumwi." Tukatuma watu wawafuate. Wa kwanza alikuja kwa miguu yake, akilalamika kwamba tunamsumbua bure. Huyo alipona, na macho yake yako salama. Wa pili alikutwa amekwisha kufariki kitandani; ndugu zake walifikiri amelala. Kijana wetu naye aliishi, lakini haoni. Kile walichokunywa kilikuwa cha fundi seremala, kimewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Wao walidhani ni gongo.

KWA NINI INAKAWIA?

Methanoli yenyewe hulevya kidogo tu, kisha mtu hujiona mzima. Lakini ini huibadili polepole kuwa formaldehaidi, halafu kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii ndiyo inayochoma mshipa wa fahamu wa jicho na kuifanya damu kuwa chachu. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24. Kama mtu amekunywa na pombe ya kawaida, hukawia zaidi, maana ini hushughulika na pombe ya kawaida kwanza.

Kwa hiyo mtu kuonekana mzima siku ya pili si dalili ya kupona. Hiyo ndiyo nafasi ya kumwokoa. Kiasi cha mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kimewahi kupofusha watu. Mililita 30 zimewahi kuua.

PIMIO LA NYUMBANI HALIPO

Wengine huwasha pombe moto ili waone kama ni safi. Msidanganyike: zote mbili huwaka. Kuonja hakusaidii, kunusa hakusaidii, na kuchanganya na maji au soda hakuondoi sumu.

Pombe ya kienyeji iliyochachuka kwa kawaida huwa na methanoli kidogo sana. Vifo vya watu wengi kwa pamoja hutokea zaidi pale muuzaji anapoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Ndivyo ilivyotokea Novemba 2000 katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, ambako zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka. Aprili 2010 wilaya ya Kabale, Uganda, ilizika makumi ya watu kwa sababu hiyo hiyo.

KWA MAFUNDI NA WENYE MADUKA

1. Acheni methanoli, thina na spiriti katika chombo chake chenye maandishi. Msiimimine kamwe katika chupa ya maji, soda au pombe, hata kwa siku moja.
2. Iwekeni mahali pa kufungwa kwa kufuli, mbali na watoto.
3. Fanyeni kazi madirisha yakiwa wazi. Mvuke wake hudhuru, na sumu hupenya pia katika ngozi.
4. Msiinyonye kwa mpira ili kuihamisha kutoka pipa hadi dumu. Tumieni pampu au faneli.
5. Iwe mbali na jiko, sigara na cheche. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, hivyo mtu anaweza kuungua kabla hajauona.
6. Ikimwagikia mwilini, vueni nguo zilizolowa na mwoshe ngozi kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, oshekeni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha njoni hospitali.

MTU AKIWA AMEKUNYWA

Mleteni mara moja, hata kama anasema hajambo. Dalili za kuogopa ni hizi: kuumwa tumbo na kutapika, kichwa kuuma, kuona ukungu au weupe mbele ya macho, na kuhema kwa nguvu. Msingoje hata moja kati ya hizo.

Msimtapishe. Msimpe maziwa, mafuta wala dawa za miti. Msimpe pombe ya kuzimua. Akiwa amepoteza fahamu, mlazeni ubavu ili asipaliwe. Njoni na chupa iliyobaki.

Hospitali ina namna ya kulizuia ini lisitengeneze ile asidi. Ipo dawa iitwayo fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Pasipo na dawa hiyo, daktari anaweza kutumia alkoholi safi kwa kipimo maalumu, akimwangalia mgonjwa saa kwa saa. Hilo si jambo la kujaribu nyumbani. Mgonjwa hupewa pia dawa ya kupunguza asidi katika damu, na aliyezidiwa hupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Jambo la mwisho ni hili. Tunajua kwamba wengi huficha kwa aibu, au kwa kuogopa polisi. Sisi wauguzi hatuulizi ili tumshitaki mtu. Tunauliza "alikunywa na nani?" kwa sababu walio kimya nyumbani ndio ambao bado tunaweza kuwaokoa na macho yao. Mkimleta mmoja, tutajieni wenzake wote. Na leo jioni, kabla ya kulala, angalieni chupa zilizoko chini ya kitanda na nyuma ya mlango.