Tivii ina mstari mmoja tu? Usiiuze kwanza

Ndugu wazazi, tivii za chogo, zile zenye mgongo mkubwa, bado tunazo hapa Dzaleka. Ikiharibika, kuna fundi atakwambia "kioo kimekufa", halafu anataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Basi kabla hamjaibeba mpaka Lilongwe, itazameni picha yenyewe.

Chenga tupu? Mara nyingi ni antena au waya wake, sio tivii. Madoa ya kijani au zambarau pembeni: sogeza spika ya redio, sumaku yake inavuruga rangi. Picha ikisinyaa pande zote jioni, pengine umeme umepungua. Washa tena usiku sana uone.

Mstari mmoja mweupe katikati ndio unatutisha wengi. Kumbe kioo kingekufa, hata huo mstari usingeonekana! Iliyoharibika ni sehemu inayotandaza picha juu na chini, na mara nyingi ni lehemu iliyopasuka tu, kazi ndogo. Zima haraka, maana mstari ukikaa unaunguza kioo. Fundi mwambieni hivyo hivyo, ajue mnaelewa.

Ila kuifungua wenyewe, hapana. Ikiwaka, kioo kinabeba volti 20,000 na zaidi, na hata ukichomoa waya ukutani umeme unaweza kubaki ndani. Ile mbovu iliyowekwa nje nayo watoto wasiipige mawe: ndani ya kioo hamna hewa, kikivunjika vipande vinaruka mpaka machoni.