Istilahi za Tiba: Mshipa, Ganzi na Uzito wa Mtoto

Katika sehemu hii ya istilahi tunaangalia upasuaji wa ngiri ya kinena kwa watoto, kwa kuwa unaonyesha hatari ya neno moja kubeba maana nyingi. Neno hilo ni mshipa.

Mshipa ni njia ya damu; mshipa ni neva; tena mshipa ni ngiri yenyewe. Nyumbani mzazi husema "mtoto ana mshipa" akaeleweka. Katika chumba cha upasuaji haitoshi. Baada ya mtoto kulazwa kwa nusukaputi, daktari hudunga dawa ya ganzi kando ya neva mbili zipitazo kati ya tabaka za misuli ya tumbo, karibu na mfupa wa nyonga. Dawa ikikaa hapo, mtoto hupata nafuu ya maumivu kwa saa kadhaa baada ya kuamka. Ikiingia katika mshipa wa damu, au ikizidi kipimo, inaweza kuleta degedege na hata kusimamisha moyo.

Kipimo hufuata uzito. Kwa dawa iitwayo bupivakeini, ukomo unaotumika sana ni miligramu 2.5 kwa kila kilo. Lakini chupa huandikwa asilimia. Asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Basi dawa ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika mililita moja. Mtoto wa kilo 10 asipewe zaidi ya miligramu 25: mililita 10 za dawa hiyo, lakini mililita 5 tu za ile ya asilimia 0.5. Ukomo huo ni wa mwili mzima. Ngiri ikiwa pande zote mbili, dawa hugawanywa, hairudiwi.

Tena, ukomo si lengo. Mwaka 2005 madaktari wa Vienna walionyesha kwamba neva ikionekana kwa altrasaundi, mililita 0.19 kwa kilo zilitosha, badala ya 0.3 walizotumia bila chombo hicho.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tuwazoeze wanafunzi kusema neva, mshipa wa damu na ngiri, kila neno mahali pake.

Zoezi: Mtoto ana kilo 8, na chupa ni ya asilimia 0.5. Eleza ukomo wake kwa sentensi tatu, bila kutumia neno mshipa peke yake.