Sura ya 4: Hutulizwa Kabla ya Kujituliza

Mtoto wa miaka miwili anataka uji wake katika kikombe chekundu. Kaka yake amekwisha kukichukua. Papo hapo mdogo anajitupa chini, anagaragara, analia mpaka anapaliwa. "Anadeka huyo," jirani husema. Mara nyingi hadeki. Amezidiwa.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hutuwezesha kujizuia, nayo huchelewa kukomaa: huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Hasira na hofu hazingoji hivyo. Mtoto mdogo ana hasira kamili na breki changa.

Breki huziazima kwa mtu mzima. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mmarekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wawatazame kwa dakika chache bila kutabasamu wala kusema. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti kumvuta mama; waliposhindwa, waligeuza nyuso na kufadhaika. Mama alipoanza tena kucheza, nao walimrudia, ingawa fadhaa haikuisha mara moja.

Ndiyo maana kubembeleza si kuendekeza. Bibi anayempakata mjukuu na kumpigapiga mgongoni anamwazima utulivu wake, na kwa kuazimwa kila siku mtoto hujenga wa kwake.

Basi, turudi kwenye kikombe. Chuchumaa, macho yenu yalingane. Kwa sauti ya chini, itaje hisia: "Pole, baba. Umekasirika, kaka amechukua kikombe chako." Mfundishe pia maneno kama kununa, wivu, haya, woga. Siku moja atasema "nimekasirika" pale ambapo leo anang'ata. Akiinua mkono kumpiga kaka yake, ushike: "Hatupigi." Kukasirika ni ruhusa, kupiga ni marufuku. Mafunzo marefu yangoje kilio kiishe, maana sasa hayasikii.

"Nyamaza, mwanamume halii!" humfundisha kuficha tu. Kutulia hajajifunza.

Nawe huwezi kuazimisha usichonacho. Hasira ikikupanda, vuta pumzi, au mwombe shangazi ampokee. Ukifoka, rudi umwambie, "Samahani, mwanangu." Wale wachanga waliwarudia mama zao, wako naye atakurudia. Mtulize kwanza, ndipo umfundishe.