Lugha na Serikali ya Mseto katika Ubelgiji

Aghalabu husemwa kwamba wingi wa lugha ndio unaodhoofisha serikali. Mfano wa Ubelgiji waonyesha kuwa kauli hiyo haitoshi. Jambo zito zaidi ni jinsi lugha inavyofanywa kuwa mpaka wa kura.

Nchi hiyo ina lugha rasmi tatu: Kiholanzi katika Flanders, upande wa kaskazini, Kifaransa katika Wallonia, upande wa kusini, na Kijerumani katika sehemu ndogo ya mashariki. Mji mkuu, Brussels, hutumia Kiholanzi na Kifaransa. Mpaka wa lugha uliwekwa kisheria mwaka 1962 na 1963, na mwaka 1993 nchi ikawa shirikisho rasmi.

Hapo awali vyama vikuu vilikuwa vya taifa zima. Mwaka 1968 mgogoro wa Chuo Kikuu cha Leuven, ambamo wasemaji wa Kiholanzi walidai kwamba sehemu ya Kifaransa iondoke Flanders, uliiangusha serikali na kukipasua chama cha Wakristo. Waliberali na Wasoshalisti waligawanyika vivyo hivyo katika miaka ya sabini. Tangu wakati huo karibu vyama vyote hutafuta kura za upande mmoja tu. Hata hivyo, Katiba yataka Baraza la Mawaziri liwe na idadi sawa ya wasemaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa, pengine bila kumhesabu Waziri Mkuu. Hivyo waziri hutawala wote, bali huwajibika mbele ya wapigakura wa lugha yake pekee.

Matokeo yake ni kwamba anayelegeza msimamo ili mseto upatikane huonekana kwao kuwa msaliti. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010, serikali ilipatikana baada ya siku 541. Baada ya ule wa Juni 2024, ilingojewa hadi Februari 2025.

Mwaka 2007 wanazuoni wa pande zote mbili walipendekeza kwamba wabunge 15 kati ya 150 wachaguliwe na nchi nzima, ili mgombea alazimike kuwaelekea wasiosema lugha yake. Pendekezo hilo halijakubaliwa.

Funzo kwa wataalamu wa lugha li wazi. Sheria yaweza kuipa kila lugha hadhi na usalama, na papo hapo ikawanyima wasemaji wake baraza moja la kujadiliana. Sera ya lugha haina budi kupimwa kwa mizani zote mbili.