Gari kuukuu likitetemeka, kagua paipu kwanza

JE, gari lako hutetemeka kama mgonjwa wa malaria kila linaposimama kwenye taa za barabarani? Je, injini huzima mara tu unapoondoa mguu kwenye kichapuzi, huku madereva walio nyuma yako wakikupigia honi?

Kabla hujakopa pesa za chama ukanunue kabureta, fungua boneti uangalie vile vijipaipu vyeusi vya mpira. Huenda ugonjwa umejificha hapo, na huenda dawa yake ikawa ya bei ya soda.

Mwalimu mmoja, jirani yangu mtaani Buruburu, alijifunza hayo baada ya kuhangaika sana. Gari lake dogo la mwaka wa 1988 lilianza kunguruma kwa kurukaruka. Makanika wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha nyaya za plagi. Wa tatu akafungua kabureta, akaiosha, akairudisha, kisha akatoa hukumu.

"Mwalimu, kabureta hii imekwisha. Tafuta nyingine."

Pesa pekee zilizokuwepo nyumbani zilikuwa za karo. Mwalimu alikuwa karibu kuzichukua wakati mwanawe wa kidato cha tatu alipoinama juu ya injini Jumamosi moja asubuhi na kuuliza, "Baba, mbona hapa panapiga mluzi?"

Kijipaipu kisichozidi urefu wa kidole kilikuwa kimepasuka mwishoni. Mwalimu alikata ile sehemu mbovu kwa kisu, akakirudisha mahali pake, na gari likatulia. Karo ililipwa kwa wakati.

HEWA INAYOINGIA KWA MLANGO WA NYUMA

Ili uelewe kilichotokea, kumbuka kwamba injini ya petroli hupumua. Pistoni inaposhuka hunyonya hewa. Usipokanyaga kichapuzi, kilango cha hewa ndani ya kabureta huwa karibu kufungwa, lakini pistoni bado zinanyonya. Kwa hivyo nyuma ya kilango hicho hewa hupungua sana. Upungufu huo wenye nguvu ya kuvuta ndio mafundi huuita vakyumu.

Waliounda magari waliona hiyo ni nguvu ya bure, wakaipa kazi. Huvuta busta inayorahisisha breki. Husaidia distributa kubadilisha wakati wa cheche. Huvuta mivuke michafu kutoka tumboni mwa injini ili ikachomwe. Paipu za mpira ndizo barabara za nguvu hiyo.

Lakini mpira huzeeka. Joto huukausha ukakakamaa, nayo oili huulainisha ukalegea. Ufa ukitokea, injini huvuta hewa ambayo kabureta haikuipima. Petroli huwa haba kuliko hewa, na injini huanza kutetemeka, kuzima au kunguruma kwa kasi isiyohitajika.

Dalili moja huwachanganya wengi: gari husumbua kwenye foleni lakini hukimbia vizuri Thika Road. Sababu ni kwamba ukikanyaga kichapuzi injini huvuta hewa nyingi, na ile inayopita kwenye ufa huwa kidogo mno kuleta madhara. Ukisimama tu, ufa unatawala.

UCHUNGUZI UNAOWEZA KUUFANYA NYUMBANI

Anza injini ikiwa imezimwa na imepoa. Fuata kila paipu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Ipinde polepole uone kama ina nyufa, hasa kwenye ncha. Iliyokauka kama kuni au kulainika kama ndizi mbivu haifai tena.

Kabla ya kuchomoa yoyote, bandika kipande cha tepu chenye nambari kwenye paipu na mahali ilipotoka. Makosa ya kurudisha paipu pasipo pake huzaa ugonjwa mpya.

Sasa washa injini. Chukua kipande cha mpira cha urefu wa nusu mita, weka ncha moja sikioni, na upitishe nyingine karibu na kila maungio. Penye ufa utasikia sauti kama ya nyoka. Vua tai, kunja mikono ya shati, na ujihadhari na feni na mkanda wake.

Kisha bana paipu moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa, bila kutumia nguvu nyingi. Ukibana na injini ikatulia ghafla, ujue hewa inaingilia upande wa mbele wa pale ulipobana, mbali na injini. Yaweza kuwa ni paipu yenyewe au kile kifaa inachokwenda kukivuta.

Kwa maungio yasiyobanika, nyunyiza maji kidogo ya sabuni. Mngurumo ukibadilika, maji yameziba ufa kwa muda. Usiloweshe distributa wala nyaya za plagi. Na ukimwona makanika akimwaga petroli juu ya injini inayonguruma ili atafute ufa, mzuie. Cheche moja yatosha kuteketeza gari.

SAA YA VAKYUMU NA MWINUKO WA NAIROBI

Makanika wengine hutumia saa ya kupimia vakyumu. Vitabu husema injini nzuri ikinguruma bila gari kwenda husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na mshale hutulia.

Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Mombasa inafaa. Lakini kila unapopanda futi 1,000, hesabu hupungua kwa karibu inchi moja. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban futi 5,500, kwa hivyo inchi 12 hadi 15 zaweza kuwa afya njema kabisa. Anayekuambia injini imechoka kwa sababu saa inasoma 14, mkumbushe mahali mlipo.

Angalia zaidi tabia ya mshale. Ukitulia chini mno, shuku hewa inayoingia, au cheche inayochelewa. Ukirukaruka kwa mpigo mmoja, huenda valvu ina kasoro.

BREKI HAZINA MZAHA

Paipu iliyo nene kuliko nyingine huenda kwenye busta ya breki, na ina valvu inayoruhusu hewa kupita upande mmoja tu. Ikipasuka, breki bado zipo, lakini pedali huwa ngumu kama jiwe na gari huchelewa kusimama. Fikiria hayo yakikupata ukiteremka kuelekea Mai Mahiu na watoto wameketi nyuma.

Jaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usitoke nyumbani na gari hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usizime injini mteremkoni ukidhani unaokoa petroli. Injini ikizima haivuti. Nguvu iliyobaki kwenye busta huisha ukikanyaga breki mara mbili tatu.

KUTENGENEZA

Kama paipu ni ndefu ya kutosha na imepasuka kwenye ncha tu, ikate na kuirudisha. Vinginevyo nunua mpya. Nenda nayo Kirinyaga Road iwe kielelezo, na uhakikishe tundu la ndani linalingana. Iliyo pana itavujisha. Iliyo nyembamba itapasuka upesi.

Usikubali paipu ya maji wala ya plastiki laini. Hunywea kwa kuvutwa na huyeyuka kwa joto. Ile ya busta lazima iwe iliyotengenezewa kazi hiyo. Gundi na tepu ni za kukufikisha nyumbani tu, wala si kwa breki.

Paipu zote ni za umri mmoja. Moja ikipasuka, zilizobaki ziko njiani. Afadhali uzibadilishe pamoja.

Baada ya kuziba ufa, huenda injini ikanguruma kwa kasi au kwa uzito usio wa kawaida. Yawezekana makanika aliyetangulia alizungusha skrubu za kabureta ili kuficha ugonjwa. Mwambie fundi azirudishe kwenye kipimo chake. Hapo ndipo utakapojua kama kabureta ina kosa lolote.

Yule kijana wa kidato cha tatu amechora ramani ya paipu zote na kuibandika chini ya boneti ya gari la baba yake. Kila mwisho wa mwezi wanaikagua wawili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mwalimu ulikuwa mdogo kuliko ukucha.