Farasi katika pwani ya Kilwa na Lindi

Farasi katika pwani ya Kilwa na Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania, ni mnyama mgeni. Pwani hii imefanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na nchi hizo zote zilijulikana kwa farasi wao, lakini mnyama huyu hakupata makao ya kudumu hapa. Sababu kubwa ni nagana, ugonjwa wa malale wa wanyama unaoenezwa na mbung'o (huitwa pia ndorobo). Ndiyo maana mashindano ya farasi ya Afrika Mashariki yalikua Nairobi, mji uliozaliwa mwaka 1899, na si Kilwa, ambayo ilikuwa ikipokea majahazi kutoka nchi za farasi karne nyingi kabla ya hapo.

Jina "farasi" lenyewe limetoka katika Kiarabu. Ndugu yake wa porini, punda milia, ni mwenyeji, na hadi leo anapatikana katika mapori ya Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere upande wa magharibi wa Kilwa. Yeye huishi katikati ya mbung'o bila kuangamia.

Katika maandishi ya kale

Mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyesafiri katika pwani ya Zanj karne ya 10, aliandika kwamba watu wa huko hawakuwa na farasi, nyumbu wala ngamia, na kwamba walipanda ng'ombe waliotandikwa matandiko na kufungwa hatamu, hata vitani.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani "baba wa zawadi", kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, naye akampa. Baadaye mwana wa sultani alizichukua nguo zile na kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Orodha hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Katika makao ya sultani wa Delhi, ambako Ibn Battuta aliishi baadaye, farasi walikuwa zawadi ya kawaida kwa mgeni wa heshima. Kilwa, utajiri ulihesabiwa kwa pembe na kwa watu.

Wakati huohuo biashara ya farasi ilivuka bahari hiyohiyo. Marco Polo alieleza jinsi farasi wengi walivyosafirishwa kutoka Hormuz, Dhofar na Aden kwenda kusini mwa Bara Hindi, ambako wengi walikufa kwa matunzo mabaya na wafalme wakalazimika kununua wengine kila mwaka.

Ugonjwa

Mbung'o ni nzi wa jenasi Glossina. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai kama nzi wengine, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa, chini ya kivuli cha vichaka. Kwa kunyonya damu hueneza vimelea vya Trypanosoma. Farasi aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, hupungukiwa damu, huvimba miguu na chini ya tumbo, hukonda ingawa anakula, na mara nyingi hufa baada ya wiki au miezi michache. Ng'ombe wa kienyeji na punda huhimili kwa kiasi fulani. Farasi ni dhaifu zaidi yao. Kuna pia ugonjwa mwingine wa farasi wa Kiafrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi, ambao unaweza kuua farasi wengi sana wa kundi moja kwa siku chache.

Uhusiano kati ya mbung'o na kimelea ulithibitishwa na daktari David Bruce huko Zululand, Afrika Kusini, mwaka 1894 na 1895. Kimelea Trypanosoma brucei kimepewa jina lake. Lakini wenyeji wa maeneo ya mbung'o walijua muda mrefu kabla yake kwamba mifugo haipitishwi katika mapori fulani.

Jaribio la Livingstone

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alitua Mikindani, kusini mwa Lindi, akitokea Zanzibar. Alileta ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa wa Kihindi pamoja na ndama mmoja, nyumbu 2 (wa uzao wa punda na farasi) na punda 4. Alitaka kujua ni mnyama gani anayeweza kuhimili mbung'o na kubeba mizigo kuelekea bonde la mto Ruvuma na Ziwa Nyasa. Farasi hakuwemo, ilikwisha julikana kwamba hangefika.

Wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ulikuwa mbaya. Askari wa Kihindi aliowaajiri waliwabebesha wanyama mizigo kupita kiasi na kuwapiga. Ngamia walipopata vidonda na kuanza kufa, Livingstone hakuweza kutofautisha kilichowaua: mbung'o au fimbo. Wanyama walipotea mmoja baada ya mwingine na msafara ukaendelea kwa miguu. Miongoni mwa waliokuwa naye walikuwa Chuma na Susi, ambao mwaka 1874 waliufikisha mwili wake Bagamoyo, nao ukiwa umebebwa na watu.

Mabega ya watu

Bila mnyama wa mizigo, njia iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilitegemea mabega ya watu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa upande wa kusini, na pembe za ndovu zilifika pwani zikibebwa na wapagazi na mateka. Mbung'o hakuuanzisha utumwa, lakini alichangia kufanya mwanadamu awe chombo pekee cha usafiri.

Hali hiyo ilijirudia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 jenerali Jan Smuts aliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, akitegemea kuwazunguka Wajerumani kwa kasi. Maelfu ya farasi walikufa kwa nagana. Waingereza walipotua Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916, na walipopigana Narungombe na Mahiwa mwaka 1917, vita vilikuwa vya miguu, na kila gunia la chakula na kasha la risasi lilikuwa kichwani mwa mtu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu wapagazi 100,000 walikufa upande wa Waingereza, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Farasi wa Zanzibar

Zanzibar ilikuwa tofauti kidogo. Sultani Said bin Sultan alifuga farasi wa Kiarabu, na binti yake Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba watoto wa sultani, wavulana kwa wasichana, walifundishwa kupanda. Mwaka 1840 meli ya sultani, Sultana, ilifika New York, na miongoni mwa zawadi alizopelekewa rais Martin Van Buren walikuwemo farasi wawili. Sheria haikumruhusu rais kuzipokea kuwa mali yake, hivyo farasi wakauzwa kwa faida ya hazina ya Marekani.

Hata Unguja haikuwa salama kabisa, kwa kuwa mbung'o walikuwepo katika vichaka kama vya Jozani. Waliangamizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia hewani madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi; mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Farasi wa mbio

Farasi bingwa wa mbio wa kisasa ni wa aina ya Thoroughbred, iliyotokana na madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Asili yao haiko mbali na bandari zilizofanya biashara na Kilwa. Hata hivyo walifika Afrika Mashariki kwa kupitia Ulaya, wakaletwa na walowezi katika nyanda za juu za Kenya, ambako baridi huwazuia mbung'o.

Mmoja wa waliopata sifa huko ni Wise Child, farasi jike aliyeshinda mbio za St Leger za Nairobi mwaka 1926. Miguu yake ilikuwa mibovu, na mkufunzi wake, Beryl Markham (1902–1986), alimchukua baada ya mwenye farasi aliyepewa nafasi kubwa, Wrack, kumwondoa kwake wiki chache kabla ya mashindano. Wise Child, akiendeshwa na Sonny Bumpus, alimshinda Wrack huyohuyo. Markham alilisimulia shindano hilo katika kitabu chake cha mwaka 1942. Uwanja wa sasa wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954.

Hali ya sasa

Katika wilaya za Kilwa na Lindi farasi bado ni nadra. Ng'ombe, kwa upande mwingine, wameongezeka sana tangu wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 kuelekezwa mikoa ya kusini, na migogoro ya ardhi na wakulima ikafuata. Mifugo hiyo huishi kwa kuchomwa dawa za nagana mara kwa mara na kuogeshwa. Porini mbung'o hutegwa kwa vitambaa vya buluu na nyeusi vilivyotiwa sumu, kwa kuwa rangi hizo huwavutia; ndiyo sababu pia wageni wanaoingia hifadhini hushauriwa wasivae nguo za rangi hizo.